Nani Hayupo Hapa?

Mwanamume mzima kukaa mkekani na kitabu cha picha kila jioni, tena bila kulazimishwa? Mimi sidanganyiki. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mwanangu alipofariki aliacha mke na binti mdogo. Sasa mkamwana wangu ameolewa na fundi friji, mtu mpole kupita kiasi, nami naishi nao. Sikuwa na neno na ndoa yenyewe. Nililoogopa ni moja: huyu fundi atamfuta mwanangu kichwani mwa mtoto, taratibu, nibaki namkumbuka peke yangu.

Basi jioni moja nilikuwa jikoni nachambua mchele, sikio liko sebuleni. Fundi hakuwa akisoma maneno. Alifungua picha, akauliza, "Nani hayupo hapa?"

"Baba," mjukuu wangu akajibu.

"Na hapa?"

"Baba!"

Damu ikanichemka. Kumbe anamkaririsha mtoto kwamba baba yake hayupo! Nusura niwavamie na ungo wangu mkononi.

Kesho yake, fundi alipokwenda kazini, nikakichukua kitabu, nikampakata mtoto. Kilikuwa kitabu cha familia ya sungura.

"Haya, mwambie Bibi. Huyo Anko anakufundisha nini?"

"Hanifundishi, tunacheza." Akaweka kidole kwenye picha ya sungura wakila. "Hapa Baba hayupo kwa sababu yuko nje anaosha baiskeli. Anapiga mluzi."

Nikashtuka. Mwanangu alikuwa haoshi baiskeli bila mluzi. "Nani kakwambia?"

"Anko alimuuliza Mama. Na hapa Baba kajificha nyuma ya pazia, anataka kumshtua Bibi."

Hilo nalo kweli. Na ndevu zake zote, alikuwa akinivizia hivyo hivyo. Nikacheka huku machozi yananitoka. Kila ukurasa mwanangu alikuwepo, pembeni kidogo tu ya picha, ana shughuli zake.

Lakini roho yangu ngumu, haikukubali kushindwa upesi. "Na huyo Anko wako kajiweka wapi?"

Mtoto akafunua mbele, akafunua nyuma, kisha akanitazama.

"Anko hayumo, Bibi. Nikitaka kumweka, anasema tumalize kwanza kumweka Baba."

Niliona aibu, nikakirudisha kitabu mkekani pale fundi anapokaa.