Pacha wa Luqmani

Luqmani alikuwa fundi hodari wa umeme wa majengo, lakini mdomo wake haukuwa na breki. Mwenzake Innocent akipiga simu, basi, sauti yake hadi nyumba ya nne, mtaa wa Makorora mzima upate habari. Mwaka huu walipewa hosteli moja ya wanafunzi kule Raskazone, ghorofa tatu zinazokula umeme bila huruma. Wakafunga vipima joto kila chumba, wakalichora jengo zima ndani ya kompyuta, dirisha kwa dirisha. Jengo la mle ndani likawa linapata joto na kupoa sawasawa na lile la kweli. Ukitaka kujua pazia litaokoa umeme kiasi gani, unalifunga kwanza kwenye kompyuta. Jengo hilo la pili mafundi huliita pacha.

Sasa pacha, nyumbani kwa Bi Saleha, mama yake Luqmani, halikuwa neno la mchezo. Alizaa wawili siku moja, Luqmani na Suleimani. Miaka miwili iliyopita pikipiki ilimtupa Suleimani barabara ya Pangani, akimkimbilia Luqmani aliyempigia simu kwamba afanye haraka. Tangu mazishi Luqmani hakuwahi kulitaja jina la ndugu yake. Hakuweza, maskini. Mama naye akanyamaza.

Alhamisi moja asubuhi Innocent akapiga, Luqmani akiwa bado nyumbani.

"Pacha wangu?" Luqmani akacheka kwa nguvu. "Wallahi nilidhani nimempoteza! Kumbe yupo. Kazinduka jana, tena anajibu. Jioni narudi naye nyumbani."

Akaenda zake kazini. Jikoni, Bi Saleha alikuwa ameacha kukuna nazi.

Jioni akarudi, kompyuta kwapani. "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ule."

Mkekani palikuwa na bada la muhogo, pweza wa nazi, na sahani tatu. Luqmani hali pweza. Tangu utotoni, pweza alikuwa wa Suleimani. Hapo ndipo maneno yake ya asubuhi yalipomrudia. Yarabi, amemfanya nini mama yake!

Akaifungua kompyuta. "Mama, pacha niliyemsema ni huyu hapa. Ni jengo. Tunalipima joto humu ndani, lilikuwa limegoma, jana likawaka. Si yeye, mama. Yeye..."

"Alikufa," mama akammalizia. "Nilimwona akitolewa mlango huu kwenye jeneza. Unadhani nimerukwa na akili?"

"Sasa sahani ya tatu?"

"Ya kwake. Nilikusikia unasema pacha wangu, tena unacheka. Nikajua umemwota. Nikasema alhamdulillahi, leo mwanangu kamtaja ndugu yake, jioni tutakaa tumzungumzie." Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Miaka miwili, Luqmani! Namzungumzia peke yangu na masufuria. Nimechoka."

Luqmani akaifunga kompyuta. Akaivuta sahani ya tatu, akamega bada, akachovya kwenye mchuzi wa pweza, akala.

"Suleimani," akasema. "Mama, Suleimani alikuwa anakimbia kwa sababu nilimwita mimi."

"Najua. Aliniaga hapo mlangoni. Alisema, nakwenda kwa pacha wangu. Alikuwa anacheka."

Luqmani akalia kwa sauti ile ile ya kwenye simu, hadi nyumba ya nne wakasikia.