Tairi la Mzee Othmani

Mwezi uliopita nilipeleka gari kukaguliwa pale uwanjani Tunduma, na nusura nigombane na Serikali.

Mkaguzi alikuwa kijana mpole, kanyoa vizuri, kaniamkia kwa adabu. Alilizunguka gari, akabonyeza huku, akagonga kule, akajilaza chini na tochi yake. Gari lenyewe ni jipi dogo, fupi, la milango mitatu, la aina ile ambayo tairi la akiba linaning'inia nyuma mlangoni. Lilikuwa la marehemu baba yangu. Kijana akasema boli jointi za magurudumu ya mbele zimeanza kulegea, sikubisha. Akasema bawaba za mlango wa nyuma zimeshuka kwa uzito wa tairi, nikamwambia zilishuka kabla yeye hajajua kusoma. Kisha akalipapasa lile tairi, akacheka.

"Mama, hili limekwisha kabisa. Ungelipandia maua tu nyumbani."

Hapo damu ikanichemka. Nilimtazama mpaka akaacha kucheka. Baadaye nilimwonea huruma, maana hakujua, na angejuaje? Mwaka ninaousema mimi yeye alikuwa bado anabebwa mgongoni.

Baba yangu, Mzee Othmani, alikuja Tunduma kutoka Kondoa mwaka themanini na saba, biashara ilipofunguliwa na kila mwenye miguu akakimbilia mpakani. Alianza na sabuni, akaja kwenye vitenge. Mwaka tisini na nane akashuka Dar es Salaam akarudi na gari hili, limevuka bahari kutoka Ujapani likiwa limeshatumika, lakini kwetu lilikuwa jipya kuliko kitu chochote mtaani. Siku ile ile, watu wamejaa uani wanaligusagusa, akapanda kwenye ngazi ya mlango akatangaza: "Gari hili ndilo litakalompeleka Yasmini kwa mumewe. Na dereva ni mimi!"

Nilikuwa sekondari. Nilitamani ardhi ipasuke. Tangu siku hiyo alilisema neno hilo kwa kila mtu, kwa mafundi, kwa wateja, kwa wapagazi. Hata akina mama wa Zambia waliovuka kutoka Nakonde kununua vitu dukani walinisalimu kwa kunitania, "Mulishani, ba Yasmini, harusi lini?" Shangazi zangu walimwambia kwamba baba mzazi hapeleki binti kwa mume, si heshima. Akawajibu, "Mimi sipeleki binti. Mimi naendesha gari."

Basi kwa ajili ya safari hiyo alilitunza lile gari kuliko anavyojitunza mwenyewe. Magari ya aina ile yana maradhi yake, na baba aliyajua yote. Hendibreki hulegea mapema, injini hupandisha joto milimani, shokomzoba za nyuma huanza kulia ukishapita kwenye mashimo, na boli jointi hufa kimyakimya. Yeye hakusubiri kitu kife. Alibadilisha, alipaka grisi, alikaza. Tairi la akiba lilikuwa jipya, halijawahi kugusa lami, na kwa kuogopa wezi alikuwa ameliandika herufi O kubwa ubavuni kwa rangi ya kijani iliyobaki tulipopaka milango ya duka.

Sasa, magari kama lile yalikuwa matatu kwenye mzunguko wetu. Jeupe lilikuwa la jirani yetu Abdulswamad, muuza viatu. Jekundu lilikuwa la Emanueli, mkulima wa kahawa wa Ihanda, aliyenunua lake mwaka ambao kahawa ililipa vizuri, na kila siku ya soko lilikuwa mlangoni kwetu. Yale mawili yalikuwa hoi. Kila wiki ya usalama barabarani ikikaribia, na wakaguzi wakija kutoa stika, wenyewe walikuja uani kwetu na sura za upole. Watu wengine huazimana chumvi, wao waliazimana waipa na honi. Baba hakujua kusema hapana, na kwa kuwa magari yalikuwa ya aina moja, kila kitu cha gari letu kiliingia kwenye yao bila kulazimishwa.

Harusi yangu ilikuwa mwaka elfu mbili na moja, Jumamosi, na Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya ukaguzi. Mume alikuwa Uledi wa Mbalizi, dereva wa malori. Kutoka Tunduma hadi Mbalizi si mbali, lakini wiki ile trafiki walikuwa wamejipanga njia nzima, na asiye na stika alirudishwa alikotoka bila kuulizwa anaoza au anazika. Kwa hiyo jambo lilikuwa wazi kabisa. Bila stika siku ile, baba hanipeleki.

Mimi nilikuwa ndani napakwa hina. Haya ya uwanjani nimesimuliwa na watu tofauti, na wote walicheka mahali pale pale.

Baba aliwahi foleni, akawa karibu na mbele. Akaja Abdulswamad, tairi lake la akiba ni kipara na taa ya breki haiwaki. Baba akamfungia tairi lake, akamchomolea taa yake, akampa na mtungi wa kuzimia moto, akampisha apite kwanza. Gari jeupe likapata stika. Abdulswamad akarudisha tairi, lakini adhana ilikuwa karibu, akaondoka mbio na vile vingine. Hapo hapo akatokea Emanueli anahema, mnunuzi wa kahawa anamngoja Ihanda, naye hakuja na tairi la akiba. Baba akamfungia lile lile lenye O, akampisha. Gari jekundu likapata stika, na Emanueli akatoka uwanjani moja kwa moja mpaka Ihanda, tairi la baba likiwa mgongoni.

Ndipo ikafika zamu ya mwenye mali. Mkaguzi, mtu mzima wa makamo, akaliingia lile gari akatoka anatikisa kichwa.

"Mzee, injini safi. Breki safi. Hendibreki imeshika mpaka nimeshangaa, maana kwenye magari haya hendibreki huwa pambo. Lakini tairi la akiba liko wapi?"

"Limeenda Ihanda," baba akasema.

"Limeendaje Ihanda na gari liko hapa?"

Baba akageuka kutazama lango la uwanja.

"Na taa ya breki ya kushoto?"

"Iko msikitini."

"Mtungi wa moto?"

"Uko pamoja na taa."

Mkaguzi akamtazama sana. "Hilo tairi lako lina alama ya kijani ubavuni?"

"Ndilo."

"Basi nimelikagua mara mbili leo. Mimi nakagua kilichofungwa kwenye gari lililo mbele yangu, siulizi kimetoka wapi. Tairi lako lina stika mbili, Mzee. Wewe huna hata moja. Na mimi jioni hii naondoka."

Aliporudi nyumbani nilimwona kupitia dirishani. Alikaa kwenye kiti cha uani, funguo mkononi, na pilau aliyoletewa aonje hakuigusa. Mama yangu, Bi Mwajuma, alisimama mbele yake na mwiko.

"Umewavalisha watu, baba Yasmini, umebaki uchi wewe."

Baba akazigeuzageuza zile funguo. Mimi sikuweza kunyamaza, sijawahi kuweza. Niliropoka kutoka ndani, na hina yangu mbichi, nikisema kama hawa ndio marafiki basi adui ana kazi gani. Shangazi wakanivuta nikae. Nikakaa, nikalia, na hina ya kiganja kimoja ikaharibika yote. Miaka mitatu nilikuwa nimeionea aibu ile ahadi ya baba, na jioni ile ndipo nilipojua kwamba niliitaka kuliko shela na dhahabu.

Asubuhi Emanueli akaingia uani kabla hata chai haijamiminwa. Gari jekundu lilikuwa linang'aa kwa kuoshwa, stika kiooni, O ya kijani mgongoni. Alivua kofia.

"Baba, shikamoo. Nilikumbuka tairi nimeshafika nyumbani. Mke wangu, Mama Ferista, kanisema usiku kucha. Nimekukosea mno."

"Marahaba," baba akasema, basi.

"Gari langu hili hapa, lina stika. Twende nalo. Ila niendeshe mimi, Baba, maana lina tabia zake. Gia ya tatu inaruka usipoishika kwa goti."

Hapakuwa na njia nyingine; gari jeupe la Abdulswamad lilikuwa limeondoka alfajiri na mzigo wa viatu. Nikah ikafungwa, Uledi akatangulia Mbalizi na wenzake, na mimi na mama tukabanwa kiti cha nyuma na masanduku. Baba akakaa mbele, upande wa abiria, kanzu yake nyeupe, mikono magotini haina kazi. Sijui nilitazama nini katika safari ile isipokuwa ile mikono.

Tulipita Mpemba. Gari lilisema peke yake. Kila shimo lilitoa mlio wake, na baba, masikini, hakuweza kujizuia.

"Boli jointi ya kushoto," akasema.

"Naam, Baba."

"Na shokomzoba za nyuma hakuna."

"Zipo, Baba, ila hazifanyi kazi."

"Hendibreki?"

Emanueli akakohoa. "Natumia jiwe. Lipo chini ya kiti cha bibi harusi."

Mama akaanza kucheka kwanza, taratibu, akijifunika na ushungi. Nami nikacheka, ingawa sikutaka. Baba peke yake hakucheka. Vwawa tukapita, Mlowo tukapita, na tulipofika Nanyala, nyumba za kwanza kabisa, tairi la mbele likapasuka kwa kishindo na gari likayumba mpaka ukingoni mwa lami.

Tukashuka. Emanueli akaweka jiwe nyuma ya gurudumu, akashika kichwa. "Nimekwisha," akasema. "Tairi langu la akiba nililiacha nyumbani. Ni kipara."

Baba alikuwa ameshafika nyuma ya gari. Alisimama mbele ya O yake ya kijani akaitazama kidogo. Kisha akavua koti, akampa mama, akaikunja kanzu mpaka kiunoni, suruali ya ndani ikaonekana na watu wa Nanyala wote wameshakusanyika.

"Othmani, jamani, watu!" mama akasema.

"Niletee jeki," baba akamwambia Emanueli.

Alilifunga lile tairi mwenyewe, hakuruhusu mtu amsaidie hata nati moja. Akina mama wa pale walipomwona bibi harusi amesimama juani na shela, wakaanza kuimba kwa Kinyiha na kupiga makofi, hata sijui walikuwa wanatuimbia sisi au wanatucheka. Alipomaliza, mikono imekuwa myeusi na kanzu ina alama ya grisi kifuani, akaelekea mlango wa abiria. Emanueli akamzuia.

"Baba, hapana." Akamwekea funguo kiganjani. "Tairi lako, binti yako. Mimi nitakaa hapa niishike gia ya tatu."

Na ndivyo ilivyokuwa. Baba yangu alinipeleka kwa mume wangu ndani ya gari bovu kuliko yote ya wilaya ya Mbozi, huku mwanamume mwingine kaishikilia gia kwa mikono miwili. Mbele kidogo trafiki akatusimamisha. Akaiangalia stika, akaiangalia ile kanzu yenye grisi, akaniangalia mimi, akatupungia tupite. Baba alikuwa anaendesha polepole hata baiskeli zilitupita. Kila mara alinitazama kwenye kioo.

"Yasmini, umekaa vizuri?"

"Nimekaa vizuri, baba."

Baada ya kona mbili anauliza tena, nami namjibu tena. Ningeweza kumjibu hivyo mpaka Dar es Salaam.

Mbalizi walitupokea kwa vigelegele. Baba alizima gari akabaki ameshika usukani, hashuki, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Emanueli alijifanya anatafuta kitu chini ya kiti. Baba alipopata sauti, hakuniambia mimi kitu. Alimwambia Emanueli, "Tairi kaa nalo. Una safari ya kurudi."

Alikaa nalo miaka. Baba alipofariki, Emanueli alikuja msibani kutoka Ihanda, mvi kichwa kizima, gari jekundu lilishakufa zamani. Alishuka kwenye basi na lile tairi, akalisukuma likibingirika kati ya waombolezaji mpaka nyuma ya gari la baba, akaniomba spana. Lilikuwa limeisha kama alivyosema yule kijana mkaguzi. Lakini ile O ilikuwepo, imefifia tu.

Kijana bado alikuwa ananingoja. "Kwa hiyo mama, tairi la akiba?"

Nikamfungulia mlango, nikamwonyesha lingine, jipya, limelala ndani nyuma ya kiti.

"Kagua hilo," nikamwambia.

"Na hili la nje?"

"Hilo lilishakaguliwa, mwanangu. Na lilipita."