Mlinzi wa Ngazi ya Tankab

"Mia tano na kumi na nane," alisema Leocadia Poot kwa sauti ya chini, mkono wake ukiwa bado juu ya kamba.

Hakuwa akisema na mtu, alikuwa akihesabu sekunde. Chini ya jabali bahari ilikuwa imetulia, na juu ya hekalu la kale la Wamaya hakukuwa na hata kipande cha wingu. Watu waliojipanga mbele yake, taulo mabegani na viatu mikononi, waliitazama bahari ile, kisha wakamtazama yeye: mwanamke mfupi wa miaka hamsini na minane, kofia ya ukili, shati la kazi lililopauka, kipenga shingoni. Alikuwa ameifunga ngazi ya kushukia ufukweni tangu saa tatu asubuhi.

"Mia tano na ishirini na mbili."

Ndipo yakaja. Mbali kidogo maji yaliinuka bila upepo, bila povu, yakasogea polepole kama mgongo wa mnyama anayejigeuza usingizini, mpaka yakagonga mwamba. Kishindo kilipanda hadi kwenye nyayo za watu. Wimbi la pili likafuata, kubwa zaidi. La tatu lilimeza mchanga wote, likapanda vipandio sita vya ngazi, kisha likarudi na mafungu ya mwani. Watu walipiga makofi. Dakika moja baadaye bahari ilikuwa imelala tena kana kwamba haikufanya lolote.

Leocadia akaanza upya. Moja. Mbili. Asubuhi, alipofungua geti, kati ya kundi moja la mawimbi na jingine zilipita dakika kumi na mbili. Sasa hazikufika tisa. Kimbunga kilikuwa mbali, huko katikati ya bahari, na redio ilisema hakiji huku. Lakini baba yake, aliyekuwa akiokota makombe chini ya jabali hili kabla serikali haijaweka uzio, alimfundisha kuogopa zaidi siku za namna hii, jua likiwaka na maji yakijifanya mapole.

"Redio!" Sauti ilimfikia kabla ya mwenyewe. "Leo umeifungia na bahari?"

Huyo alikuwa Rómulo Chi, mwongozaji wa watalii, kijana mtanashati wa miaka thelathini, miwani ya jua kichwani, na nyuma yake watu ishirini na wawili wenye vibandiko vya njano kifuani. Waongozaji wote walimwita Leocadia "Redio", kwa sababu ya matangazo yake. Kila mgeni aliyepita mbele yake aliyasikia, kwa lugha nne alizojifunza kwa masikio tu: beba maji, vaa kofia, usiukalie ukuta, usishuke bendera ikiwa nyekundu.

"Bendera nyekundu, Rómulo."

"Bendera umeipandisha mwenyewe, shangazi."

"Ndiyo kazi yangu."

"Na mimi kazi yangu ni kuwafikisha hawa majini. Wametoka hotelini saa kumi na moja, wameiva kwa jua. Tazama." Akanyoosha mkono. "Hata kuku angeogelea humo."

"Subiri dakika nane uone."

"Dakika nane, dakika nane! Unapika mayai?"

Watu wake wakacheka, ingawa hawakuelewa neno. Leocadia na Rómulo walitoka kijiji kimoja nyuma ya msitu, na Fidelia, mama yake Rómulo, alimjua vizuri. Lakini Leocadia alipomsalimia Rómulo kwa Kimaya, kijana alimjibu kwa Kihispania siku zote, na watalii aliwaambia kwamba lugha ile aliisikia kwa bibi yake tu, akiwa mchanga.

Rómulo alisogea kando akapiga simu. Hakuchukua muda. Bwana Barragán, mkuu mpya wa hifadhi, alikuja akitembea haraka kwenye njia ya mawe, shati limemganda mgongoni, simu yake nayo ikilia bila kukoma.

"Bi Leocadia. Tena?"

"Bahari imevimba, bwana mkuu. Yanakuja matatu matatu, na kila mara yanakaribiana."

Barragán akainama ukingoni, akatazama. Maji yalikuwa kama kioo. Mwari mmoja, yule ndege wa bahari, alielea juu yake, amekunja mbawa.

"Naona bakuli la supu," alisema. Kisha akashusha sauti, si kwa ubaya. "Mama, nina barua tatu za malalamiko juu yako mezani. Unawapigia wageni kipenga kama ng'ombe. Nilikuambia ikija ya nne utahamia kituo cha bara, na sitakuwa na la kufanya. Usinilazimishe."

Kituo cha bara kilikuwa katikati ya msitu. Mlinzi wa huko aliondoka nyumbani Jumatatu na kurudi Jumamosi. Akilini Leocadia akamwona mumewe Tiburcio, ambaye ugonjwa wa sukari ulimla macho yote mawili, amekaa kwenye bembea yake ya kamba akisikiliza barabara. Kila siku saa kumi jioni alimsikia mkewe akifika kabla hajafungua mlango. Hakuweza kuwasha jiko mwenyewe. Mara ya mwisho alipojaribu, aliunguza mkono.

"Nifungue?" aliuliza.

"Fungua."

Alifungua. Vidole vyake vilikuwa vizito kwenye fundo lile alilolifunga na kulifungua kwa miaka kumi na tisa. Watu wakampita wakishangilia. Mmoja akampigapiga begani, kama anayemsamehe.

"Mia moja na arobaini," alisema Leocadia. Halafu akaanza kushuka nyuma yao.

"Bi Leocadia! Nafasi yako ni huku juu!"

Alimsikia vizuri kabisa. Hakugeuka.

Ufukwe wa Tankab ni mdogo, unazungushiwa jabali pande tatu kama mfuko. Leocadia alisimama mbele ya watu, mgongo wake kwa maji, mikono ameitanua. Alikuwa akiwarudisha nyuma kwa lugha zake nne, akihesabu kwa ya tano kichwani. Wengi walimtii kwa kuchoka kubishana. Mia tatu. Mia tatu na ishirini. Ndipo alipowahesabu na watu, na vibandiko vya njano vikawa ishirini tu.

"Rómulo, wazee wako wako wapi? Wale dada wawili."

Aliwakumbuka kutoka asubuhi: wajane wawili wa Kanada wenye umri wa miaka sabini na kitu, mmoja akichechemea, ambao peke yao ndio walioyasikiliza matangazo yake mpaka mwisho na kumshukuru.

Rómulo aligeuka huku na huku. "Walitaka picha ya hekalu kwa chini. Nimewaambia wapite kwenye kona ile pale, maji yanafika vifundoni tu…"

"Umewaambia?"

"Vifundoni, shangazi!"

"Kawalete. Kimbia. Una dakika mbili."

Kitu fulani usoni mwake kilimfanya Rómulo aache mzaha. Akavua viatu, akakata maji, akapotea nyuma ya mwamba.

Leocadia akapuliza kipenga. Hakukiondoa mdomoni. Alipuliza akiwasukuma watu kwenye ngazi, akawavuta kwa mikono na mataulo yao, akamkanyaga mmoja aliyekuwa amelala mchangani. Na watu, wakimtukana, walipanda. Juu, Barragán alikuwa amesimama na simu mkononi, mdomo wazi. Mia nne na tisini. Rómulo hakuwa ameonekana.

Haikufika mia tano na ishirini. Ilikuwa mia tano na nne maji yalipoinuka.

Angeweza kupanda. Ngazi ilikuwa hatua kumi nyuma yake, na hakuna mtu ambaye angemlaumu. Alikimbilia kwenye kona, akakumbatia jiwe kwa mikono yote miwili, akaingiza uso wake kwenye mwamba. Wimbi la kwanza lilimfika kiunoni, likamvuta, halikumpata. Akachungulia upande wa pili.

Walikuwa pale, mwendo wa hatua thelathini, migongo imebanwa kwenye jabali. Dada anayechechemea alikuwa amepiga magoti majini. Rómulo alimshika kwapani kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili alimshika mwenzake, na uso wake wa kijana mtanashati ulikuwa umepotea kabisa kwa hofu.

"Pandeni!" alipiga kelele Leocadia kwa Kihispania. "Nyuma yenu, kuna… kuna…"

Neno halikuwepo. Mahali pale hapakuwahi kuwa na jina la Kihispania. Baba yake alipaita kwa Kimaya, Kitanda cha Popo, na penye kushika mkono alipaita Sikio, na pa kuweka mguu, Jino. Basi ilimtoka kama ilivyokuwa, kwa lugha ya nyumbani, kwa sauti ambayo mama huitumia kumwita mtoto aliyeko ng'ambo ya shamba:

"Mwana wa Fidelia! Geuka! Juu ya kichwa chako kuna sikio la jiwe. Lishike! Chini ya goti kuna jino. Weka mguu! Ukipanda, kuna kitanda!"

Rómulo aligeuza kichwa. "Liko wapi?" Na ilikuwa kwa Kimaya, kwa lafudhi ya kijijini kwao, safi. "Shangazi, silioni!"

"Kushoto! Papasa! Ni baridi kuliko mwamba mwingine!"

Alipapasa. Wimbi la pili likawafunika wote.

Lilipoondoka, Leocadia alikuwa amepoteza kofia, na damu ilikuwa ikimtiririka kutoka gotini hadi kisiginoni. Akafuta macho. Akatazama. Dada mmoja alikuwa juu, amelala kwenye ukingo wa jiwe kwa tumbo, mikono inaning'inia kumfikia mwenzake. Rómulo alikuwa chini ya yule anayechechemea, bega lake chini ya makalio ya mzee, akisukuma na kulia kwa wakati mmoja.

"Msukume! Usimbembeleze, msukume kama gunia!"

Akamsukuma. Mzee akapanda. Rómulo akabaki peke yake majini, na wimbi la tatu tayari lilikuwa limesimama nyuma yake, limeziba upeo wote wa bahari.

"Jino!" alipiga kelele Leocadia. "Jino, mwanangu, jino!"

Hakuona kilichofuata. Maji yalimng'oa kwenye kona yakamtupa mchangani, yakamburuta, yakambamiza kwenye nguzo ya ngazi. Na nguzo ile akaikumbatia. Alimeza chumvi. Mwani ulimziba pua. Alipoweza kusikia tena, alisikia ukimya uleule wa asubuhi, na ndani yake mtu akikohoa mahali fulani.

"Rómulo?"

Kikohozi tu.

"Rómulo Chi!"

"Niko kitandani, shangazi," sauti ikajibu kutoka nyuma ya mwamba, ikitetemeka. "Tumebanana kweli."

Leocadia akaegemea nguzo. Kisha akaanza kuhesabu upya, kutoka moja, na alipofika kumi akawaita washuke, wote, sasa hivi, bila kuchukua kamera wala mkoba.

Saa saba mchana daktari wa kituo cha afya alikuwa amewachukua wale dada, ambao hawakuwa na zaidi ya michubuko na kiwiko kimoja kilichoteguka. Yule anayechechemea alikuwa amekataa kuondoka mpaka amshike Leocadia uso kwa viganja vyote viwili. Kamba ilifungwa tena. Nyuma yake watu walikaa chini ya kivuli cha minazi.

Leocadia alikuwa amekaa kwenye jiwe, mguu umefungwa bendeji. Rómulo alikaa ardhini karibu naye, bila viatu. Vya kwake bahari ilivichukua. Barragán alisimama mbele yao na karatasi ya taarifa kwenye kibao, kalamu ikigongagonga.

"Lazima niandike ngazi ilikuwa wazi kwa amri ya nani," alisema. Hakumtazama yeyote.

Rómulo alimtupia Leocadia jicho, kisha akasema taratibu, kwa Kimaya, kana kwamba wako wawili tu uani kwao: "Nimwambie mimi, au utamwambia wewe?"

"Anajua mwenyewe," alijibu Leocadia. "Mwache aandike."

"Mnasema nini?" aliuliza Barragán.

"Tunasema tunasubiri, bwana mkuu," alisema Rómulo.

Barragán akatazama karatasi. Aliandika neno moja, akalikata. Simu yake ililia. Akaizima, akaitia mfukoni. Mkono wenye kalamu ulibaki hewani.

Wakati huo kaa mkubwa wa buluu alitoka msituni. Alikuwa jike, tumbo limejaa mayai ya kwenda kuachia baharini, na alikuja kwenye njia ya mawe upande upande, akiinua magando kwa kila kivuli. Watu walikunja miguu kumpisha. Alipita kati ya viatu vya Barragán, akapita chini ya kamba, akasimama juu ya kipandio cha kwanza kama anayesikiliza. Chini maji yalianza kuinuka. Akashuka kimoja, akasita, akashuka kingine.