Harufu Aliyoandikiwa Mzee Povu

Saa tatu na robo asubuhi, vikombe vya wodi ya watoto vilirudi jikoni vikiwa na maziwa yote ndani. Vilikuwa ishirini na vinane, vya plastiki ya njano, vyenye mishikio mikubwa. Muuguzi aliyevileta aliviweka juu ya meza ya chuma, akamwambia mpishi mkuu, "Nusa mwenyewe."

Mpishi mkuu, ambaye hospitali nzima ilimwita Mama Mwiko, alinusa. Kikombe kilikuwa safi, kinang'aa, na kilinuka pombe kali.

"Humu hatuna pombe," alisema.

"Na watoto nao hawana," muuguzi akajibu, akaenda zake.

Mama Mwiko aliijua mashine ya kuoshea vyombo na harufu zake. Alichomoa chujio la chini, akakuta punje tatu za wali na kifuniko cha chupa ya dawa, akalisugua kwa brashi. Alipitisha mswaki kwenye mpira wa mlango, mahali ambapo uchafu hupenda kujificha. Aliweka bakuli la siki kwenye rafu ya juu, akaiendesha mashine tupu kwa maji ya moto kabisa, kisha akanyunyiza magadi ya unga ndani yake, akaiendesha tena. Akaacha mlango wazi mpaka mchana. Vyombo vya mchana vilinuka pombe, na kwa mbali siki.

Siku ya tatu akaja fundi. Alifungua bomba la maji machafu, akalipuliza, akalinusa, akalirudisha. Akapiga magoti, akamulika ndani kwa tochi, akainuka akijifuta mikono.

"Mashine ni nzima," alisema. "Ila kuna mtu ndani."

"Mtu gani?"

"Mwanamume. Kachutama nyuma ya rafu. Sikutaka kumsumbua."

Mama Mwiko akainama, akachungulia. Alikuwa Mzee Povu, aliyeosha vyombo vya hospitali hiyo miaka kumi na tisa na kufariki mwezi Machi, hatua mbili tu kutoka hapo. Alikuwa na aproni yake ileile. Alikuwa amelowa, na amepungua kidogo, kama sweta lililofuliwa kwa maji ya moto.

"Toka basi, mzee wangu. Bakuli za supu zinasubiri."

Mzee Povu akatoka, akajikung'uta maji, akashika kazi. Alipomaliza rafu mbili, Mama Mwiko alimuuliza kuhusu harufu.

"Si yangu," alisema. "Nimeandikiwa. Ripoti ya ajali inasema nilianguka kwa sababu nilikuwa nimelewa. Nilipofika kule wakaniambia siingii na harufu hii, nirudi niitue nilikoitoa. Sasa ningeitua wapi? Sehemu ninayoijua ni humu."

"Wewe hujawahi kunywa hata siku moja."

"Ninuse basi."

Alifungua mdomo. Mama Mwiko alinusa kwa makini, kama anavyonusa samaki kabla hajawapokea. Mdomo ulinuka maji ya bomba.

Jikoni hapakuwa na asiyejua jinsi alivyoanguka. Bomba la mashine lilikuwa likivuja tangu Januari. Mzee Povu alimwambia msimamizi wa huduma mara tatu, na mara zote tatu aliambiwa atandike gunia. Asubuhi ile gunia lilikuwa limelowa chepechepe. Akateleza na trei ya vikombe mikononi, kisogo kikagonga pembe ya meza. Kesho yake bomba lilibadilishwa kabla wakaguzi hawajafika, na gunia likatupwa. Mama Mwiko aliletewa ripoti atie sahihi kama shahidi. Alitia. Watu walipomuuliza, alisema siku hiyo hakuwa na miwani.

Msimamizi wa huduma aliitwa, akaja na kalamu yake mfukoni. Alimtazama Mzee Povu, kisha akatazama saa ya ukutani.

"Zamu yako si ilikwisha, mzee?"

"Ilikwisha, bosi. Nimefuata mstari mmoja tu. Ukiufuta, mimi naondoka na harufu inaondoka."

"Ripoti ina muhuri. Hairekebishwi bila cheti cha daktari kwamba siku ile hukuwa umelewa. Na daktari hapimi maiti ya mwaka jana."

"Mimi ni ya mwaka huu, bosi. Ya Machi."

Msimamizi aliomba radhi kwa kukosea tarehe. Kisha akasema kwamba, kwa kuwa nafasi ya mwosha vyombo haijapata mtu, Mzee Povu anaweza kuendelea kuishika kwa muda, ila asisahau kuvaa kofia.

Alhamisi Mama Mwiko alimwita mjane wa Mzee Povu, fundi cherehani. Alikuja na futi ya kupimia ikiwa bado shingoni.

"Baba watoto."

"Mama watoto."

Mjane alimshika kidevu, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akamnusa.

"Nilijua," alisema. "Miaka thelathini kwenye mto mmoja, nisijue pumzi yako? Mbona huji nyumbani?"

"Nikija, nyumba itanuka."

"Haitanuka kuliko ilivyo. Binti yako hataki hata picha yako ukutani. Wenzake chuoni wanamwita mtoto wa mlevi."

Binti alikuwa akisomea uuguzi katika hospitali hiyohiyo, ghorofa mbili juu ya jiko.

"Mwambie ashuke aninuse."

"Nimemwambia. Anasema pumzi haina muhuri."

Mzee Povu alipanga bakuli mbili tatu, akazipangua, akazipanga upya. Mama Mwiko aliyasikia yote akiwa kwenye sufuria ya maziwa. Alivua aproni, akapanda ofisini kwa msimamizi, akasema anataka kuondoa sahihi yake.

Msimamizi alimkaribisha kiti. "Siku ile ulikuwa na miwani au hukuwa nayo?"

Mama Mwiko aliketi. "Nilikuwa nayo," akasema.

"Basi ulisoma, ukaridhika. Nikiifuta leo, itabidi niandike kwamba shahidi alidanganya. Halafu jiko tumpe nani, mama?"

Mama Mwiko alifikiria wajukuu zake watatu. Aliposhuka, alikuta maziwa yamemwagikia jiko. Mzee Povu alikuwa ameshaanza kufuta.

Hospitali ikazoea. Madaktari walipima vikombe, wakathibitisha kwamba havina kilevi chochote. Watoto walianza kunywa tena, na wadogo kabisa wakadhani maziwa yote duniani hunuka hivyo. Mkaguzi wa afya alisifu usafi wa vyombo, hasa mishikio. Kwenye ukuta wa kila wodi lilibandikwa tangazo kwamba vyombo vya jikoni vina harufu ya kawaida, na wauguzi wakafundishwa kukagua kikombe kimoja katika kila trei na kuandika matokeo.

Mwezi Novemba binti wa Mzee Povu alipangiwa wodi ya watoto. Asubuhi yake ya kwanza alipokea trei kutoka kwenye lifti ya jikoni, akachukua kikombe cha kwanza, akakinusa. Alisimama nacho hivyo kwa muda, kimegusa pua. Mtoto wa kitanda cha pili akamuuliza, "Dada, kuna nini?"

"Hakuna kitu," alisema.

Akafungua daftari la ukaguzi, akaandika *harufu ya kawaida*, akatia sahihi, akaanza kugawa maziwa.