Jicho Lisilovimba

Wivu wa Pélagie haukuanzia hospitalini. Ulianza siku Gaspard alipomwoa Georgette, mke wa pili, akamjengea nyumba ya bati jipya kule Kiringye, huku nyumba ya Pélagie hapa Rugenge ikivuja kila mvua. Lakini siku ile hospitalini wivu huo uliota pembe.

Jana yake Gaspard alikuwa amewapakia mabinti zake wawili kwenye pikipiki: Divine, msichana mkubwa wa Pélagie, na Bella, kitinda mimba wa Georgette, mtoto wa miaka sita. Gurudumu likateleza kwenye matope. Divine alitua kwa uso juu ya mawe. Bella akapigwa jichoni na kiwiko cha dada yake. Sasa shavu la Divine lilikuwa limeumuka mpaka jicho limezibwa. Na Bella? Jicho jeupe, safi, hata alama ya maana hana. Alikuwa ameinamisha kichwa tu, akitapika mara kwa mara.

Daktari akawapima wote wawili, kisha akasema Bella ndiye atakayepasuliwa leo hii, na asile wala asinywe kitu. Divine angojee wiki moja au mbili, uvimbe ushuke.

"Dokta, weye unaona muzuri kweli?" Pélagie akamaka. "Huyu uso umeharibika, yule iko muzima!"

"Haiko muzima, mama. Mufupa ya mutoto iko laini. Ilipasuka chini ya jicho, ikarudia pahali yake, ikabana nyama yenye kugeuza jicho. Tukichelewa, ile nyama itakufa. Ya Divine haikubana kitu, na anaona. Tukimupasua na uvimbe hivi, tutajuaje kama uso umelingana?"

Maneno yaliingia sikio hili yakatokea lile. Pélagie alichoona ni mkono wa Gaspard juu ya bega la Georgette, basi. Kumbe hata kisu cha daktari kinaijua nyumba inayopendwa! Damu ikamchemka.

Gaspard na Georgette walipokwenda kununua dawa, alifunua bakuli alilomletea Divine, akachagua samaki mukeke mnene wa kukaanga, akaenda naye kitandani kwa Bella, upande wa pili wa wodi. Alijua vizuri anachofanya. Mtoto akishakula hapasuliwi, na zamu ikibaki wazi, ataidai iwe ya Divine.

"Kula, mwanangu. Njaa itakuumiza bure."

"Aksanti, mama mukubwa."

Bella akainua macho amtazame. Jicho moja lilipanda. La pili lilibaki palepale, limekodolea kifua cha Pélagie kama lililopigiliwa msumari. Mtoto akapauka, jasho likamtoka, akatapika, akajilaza ubavu bila nguvu, samaki mkononi.

Pélagie alirudi kwa binti yake. Akajiambia hakuona kitu. Akajiambia tena. Ila wauguzi walipokuja na kitanda cha magurudumu kumchukua Bella, alikumbuka onyo lao: mgonjwa akilazwa usingizi ameshiba, chakula humpanda kikaingia mapafuni, na anaweza kufa.

"Mungoje!" akapiga kelele. "Amekula!"

Georgette, aliyekuwa amesharudi na dawa, akageuka polepole. "Nani alimupa?"

"Ni miye."

Gaspard alimtazama mke wake wa kwanza kana kwamba hajawahi kumwona.

Muuguzi akainua mto wa Bella. Chini yake palikuwa na mukeke, mzima, amefungwa ndani ya kitambaa cha kichwa.

"Sikukula," Bella akasema, macho ameyafumba. "Niliweka kwa ajili ya Divine. Yeye ndiye anaumia sana."

Wakamsukuma kuelekea chumba cha upasuaji. Georgette akamchukua yule samaki, akamweka mkononi mwa Pélagie.

"Peleka. Mutoto wako anangojea."

Hakutukana, hakupaza sauti. Akawafuata wauguzi hadi mlangoni, akasimama hapo, amewapa mgongo wake mwembamba.

Pélagie alibaki na mafuta ya samaki yakimchuruzika vidoleni. Miaka yote alimwonea mwanamke yule wivu kwa ajili ya bati na kwa ajili ya mume. Leo bati na mume havikuwamo. Alimwonea wivu kwa mtoto aliyemlea, na wivu huo ulimuuma kuliko wote.