Kiwi Nyeusi

Kila Wema aliporudi kutoka kambini, baba yake alimuuliza swali lilelile: leo mmefanya nini? Na kila mara jibu lilimchefua mzee. Tumehesabu vigingi vya mahema. Tumeanika maturubai, tumejaza fomu za maturubai, tumemsubiri mwenye ufunguo wa stoo. Mzee Nicolaus, sajinitaji mstaafu wa Jeshi la Wananchi, alikuwa ametoka Songea kuja Scarborough, ughaibuni, kumtembelea binti yake kwa miezi mitatu, na mwezi wa kwanza wote aliumaliza akitikisa kichwa. Jeshi gani hilo, askari anakwenda kazini kwa basi la abiria na wali wake kwenye kibakuli cha plastiki?

Lakini kilichomkera kuliko vyote ni buti. Zilikuwa za kahawia, ngozi yake imekwaruzwa kwa makusudi ising'ae, na husafishwa kwa brashi kavu, basi. Wema hakuwahi kumweleza hilo. Nani angefikiria kulieleza?

Jumamosi ile ilikuwa ya ukaguzi. Siku za kazi Wema alikuwa muuza dawa, lakini kwa miaka minne sasa, jioni moja kwa wiki na Jumamosi kadhaa, alikuwa askari wa akiba wa cheo cha chini kabisa, na alikuwa amechoka kuagizwa na watoto waliomkuta jeshini. Kikosi kilikuwa na nafasi moja ya kozi ya uongozi. Jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha, na sajenti wake alishasema bila kuficha kwamba jina litabaki au litatoka kutegemea ukaguzi.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri akatoka chumbani, akazikuta buti mlangoni. Nyeusi. Zinang'aa kama sufuria mpya. Baba yake alikuwa ameketi kwenye kigoda, mikono ya shati ameikunja, kopo la kiwi alilotoka nalo Songea liko miguuni, uso umejaa raha ya mtu aliyefanya kazi yake ikakamilika.

"Sasa hizo ndizo buti," alisema.

Wema akasema yote. Kwamba rangi ile haitoki. Kwamba hana jozi nyingine, kwa sababu jozi ya pili aliiomba stoo tangu wakati wa theluji na mpaka leo anaambiwa saizi yake haijafika. Kwamba amengoja kozi hii miaka minne. Alisugua kwa sabuni, akasugua kwa mswaki, na buti zikazidi kuwa mbaya, nyeusi huku, kahawia kule. Alipoinua kichwa, mzee alikuwa ameshavaa koti.

"Nakwenda kuongea na mkubwa wako."

Wema alimweleza kwamba huku mzazi haendi kumsemea askari. Alimweleza kituoni, akamweleza tena ndani ya basi, na kwenye treni akachoka. Mlinzi wa mlangoni, kwa heshima ya mvi, akamwandikisha mzee na kumwonyesha benchi la wageni.

Ukaguzi haukuchukua muda. Sajenti alizitazama buti kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama mwenye buti, akauliza ni za nani. Wema akajibu kwamba ni zake, akaishia hapo.

Hapo ndipo Mzee Nicolaus alipoinuka. Alivuka ukumbi kwa hatua za gwaride, akasimama mguu sawa mbele ya sajenti, akamwagiza binti yake atafsiri.

"Mwambie kosa ni langu. Yeye aliziacha safi. Mimi nimeziharibu nikidhani namsaidia."

Wema akatafsiri, masikio yakimwaka moto. Sajenti akamshukuru mzee kwa adabu zote, akasema kifaa ni jukumu la aliyekabidhiwa. Wema akatafsiri na hilo. Baba yake akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyesikia maneno yake mwenyewe.

"Mwambie ana haki. Huyu angekuwa askari wangu, jina lake ningelikata palepale."

Kangethe, Mkenya pekee kikosini, alikuwa pembeni anahesabu vigingi. Alisikia, akapoteza hesabu. Sajenti alisubiri. Wema angeweza kusema chochote, na hakuna ambaye angemsuta. Lakini alikuwa macho tangu alfajiri, masajenti wawili kwa asubuhi moja walikuwa wamemtosha, na hasira ikamfanya atafsiri neno kwa neno. Sajenti akatoa kalamu, akakata jina.

Siku iliyobaki ilikuwa siku ya jeshi kama nyingine. Walihesabu vigingi upya, wakakunja maturubai, wakapiga deki ukumbi, wakamsubiri mwenye ufunguo. Mzee aliyaangalia yote kutoka benchini na alionekana kufurahi sana, kama mtu aliyerudi kikosini kwake, jambo lililomuudhi Wema zaidi.

Kwenye basi la mwisho, karibu na nyumbani, mzee akauliza.

"Ile ya mwisho ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Vilevile nilivyosema?"

"Neno kwa neno, baba."

Mzee akageuka akamtazama. "Mimi pale nilikuwa naongea kama sajinitaji, mama. Ningesemaje mbele ya askari kwamba mkubwa wao amekosea? Nilijua wewe utageuza. Miaka yote niliyokaa jeshini sijaona mkalimani asiyejua kugeuza."

Wema alitaka kupiga kelele ndani ya basi la watu. Badala yake akafumba macho. Alipoyafumbua, baba yake alikuwa ameinama na leso, anaisugua ncha ya buti yake. Wema akauvuta mguu.

"Mwakani," mzee alisema, bado ameinama, "sitagusa kitu."

"Mwakani utakuwa Songea, baba."

Leso ilibaki mkononi mwa mzee, imechafuka. Vituo viwili vikapita, kisha Wema akaurudisha mguu pale ulipokuwa.