Wawili Nyumbani, Watatu Ugenini

Kocha Hollis Burdette alikuwa akimega kipande cha pili cha pai ya viazi vitamu wakati marehemu mume wa Verlene Pettway alipoingia kwa mlango wa jikoni, akafuta miguu, akavuta kiti. Verlene alimwekea sahani. Cleon aliangukiwa na gogo akafa kwenye kiwanda cha mbao, mwanawe Rayford akiwa bado ananyonya, na tangu hapo hakuongeza hata siku moja ya umri. Sasa mkewe alikuwa na mvi, na mwanawe alikuwa karibu kumfikia.

Kocha alikuja kumsajili Rayford kwa timu yake ya mpira wa kikapu. Chuo kikuu chake, kama vingine vya Alabama, kilikuwa kimeanza majuzi tu kuchukua wachezaji weusi, naye alilisema hilo kama mtu anayesubiri kushukuriwa.

"Verlene, mwanao atasoma bure."

"Bi Pettway," Cleon akamrekebisha, mdomo umejaa mkate wa mahindi.

Kocha akamkagua mabega. "Uliwahi kucheza?"

"Wilaya nzima hakuna aliyeniweza. Kocha wenu wa enzi hizo alikuja kuniangalia. Hakushuka kwenye gari."

"Bado unaruka?"

Cleon akaruka, akagusa dari kwa kiwiko. Kocha akasema basi, nafasi zipo kwa wote wawili.

Chuoni hakuna aliyeshtuka. Daktari wa timu alitafuta mapigo ya moyo ya Cleon, akayakosa, akamruhusu acheze. Wafadhili walibishana juu ya jambo moja tu: mfu ahesabiwe rangi gani? Mmoja alidai kifo kimemfanya wa kijivu. Wenzake walimtazama vizuri, wakakubaliana kuwa ni mweusi.

Hapo ndipo Verlene alipoijua ile hesabu. Nyumbani, weusi uwanjani hawakuzidi wawili kwa wakati mmoja; ugenini, watatu. Nafasi moja ilikuwa ya Thaddeus, kijana wa mji wa Mobile. Kwa hiyo Cleon akiingia, Rayford anatoka.

Alimfuata kocha mlangoni mwa ukumbi.

"Uliniahidi mwanangu atacheza."

"Si anacheza? Ugenini."

"Nyumbani je?"

"Mimi sina ubaya na mtu, Verlene. Ila wanunuzi wa tiketi wana macho."

"Macho hayohayo yanamwona mfu akidaka mpira, na hayasemi kitu."

"Wanampenda mno," alisema kocha, na alisema kweli.

Verlene alipanda basi hadi mechi ya ugenini, Tennessee, ili awaone pamoja. Baba alirusha, mwana akatumbukiza, na yeye akapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Baada ya mechi walikula kuku wa kukaanga nyuma ya ukumbi.

"Nirudi nilikotoka," Cleon alisema, "mtoto apate nafasi."

"Acha hizo, mzee," Rayford alisema. "Mimi miaka ninayo. Wewe ndio kwanza umeanza."

Verlene aliwaongezea kuku.

Jumamosi iliyofuata walicheza nyumbani, ukumbi umefurika. Timu ilipoanza kuachwa nyuma, kocha alimpungia Cleon mkono aingie. Kwenye mstari wa pembeni baba na mwana waligonganisha viganja, kisha Rayford akaenda kukaa mwisho wa benchi, akipuliza vidole vyake visipoe kabla ya mechi ya ugenini.